Miguu Inahenyeka, Mkono Umelala: Maswali Yenu ya Saa Janja na Baiskeli ya Ndani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu mambo ya baiskeli za mazoezi, aya moja, basi nimejitafutia. Maswali yamemiminika na karibu yote ni lilelile, saa inasema hivi na baiskeli inasema vile. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ndo baba wa mengine yote.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwanaume wa miaka 41, kilo 74, miezi minne sasa naendesha baiskeli ya mazoezi, ile iliyofungwa haiendi popote. Jana nimepiga dakika 45, jasho mpaka kwenye soksi, skrini ya baiskeli ikaniambia wastani mizunguko 80 kwa dakika, wati 130, kalori 520. Naangalia saa mkononi, kalori 298 na hatua 112. Hatua mia na kumi na mbili dada!! Hizo si nazipata kwa kwenda jikoni na kurudi mara mbili tatu tu. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Sasa nimwamini nani, baiskeli au saa, au wote waongo?
– Mwenye Soksi Mbichi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na shemeji mwambie apunguze kucheka.

Tuanze na hizo hatua maana naona ndo zimekuuma. Saa haina macho ya kuona miguu yako. Ndani yake kuna kidude kinachopima mtikisiko, na mtu akitembea mkono unaenda mbele unarudi nyuma kwa mdundo unaoeleweka, sasa saa inasikiliza huo mdundo inasema hii hatua, hii hatua nyingine. We umekaa kwenye siti umeshika usukani, mkono umetulia tuli. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, dakika 45 ni mizunguko 3,600, kila mguu umesukuma mara 3,600, na mkono hauna habari kabisa. Hizo 112 zimetoka wapi sasa? Ulipojifuta jasho, ulipofuata chupa ya maji, ulipokuwa unaruka nyimbo kwenye simu. Saa hapo haijaharibika, imehesabu ilichoona.

Sasa sikia kinachonifurahisha mimi. Utulivu huohuo wa mkono uliokunyima hatua ndo unaokupa mapigo ya moyo ya kuaminika. Geuza saa uangalie chini yake utaona taa za kijani zinawakawaka. Damu ni nyekundu kwa sababu inameza mwanga wa kijani, kwa hiyo moyo ukisukuma, vishipa vidogo chini ya ngozi vinajaa damu na mwanga mwingi unamezwa, kabla pigo lingine halijaja damu inapungua kidogo na mwanga unaorudi unaongezeka. Pembeni ya taa kuna kijicho kinachosoma huko kupanda na kushuka, mara nyingi sana kwa sekunde, na hapo ndo inapatikana ile namba ya mapigo. Adui mkubwa wa hiyo kazi ni mkono kuchezacheza, saa inahama, mwanga wa nje unaingia, damu yenyewe inasukwasukwa. Kwenye baiskeli ya ndani hayo yote yanapungua.

Na si maneno yangu tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watu 60 na vifaa 7 vya kuvaa mkononi, wakawatembeza, wakawakimbiza, wakawapandisha baiskeli, huku wakilinganisha na mashine za maabara. Upande wa mapigo ya moyo, baiskeli ndo ilitoa makosa madogo kuliko yote, asilimia 1.8, na kutembea ndo kulitoa makubwa, asilimia 5.5. Ungedhani kutembea ndo kitu rahisi kupima! Vifaa 6 kati ya 7 vilikosea chini ya asilimia 5. Kwa hiyo saa ikikuambia 142, inawezekana ni 140 au 144, hamna mtu atakufa kwa hilo.

Halafu wakageukia kalori. Aisee. Kifaa kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Vifaa vilevile, watu walewale. Ni vifaa vya zamani kidogo, najua, lakini sababu ya kukosea haijaenda popote, na sababu yenyewe ni kwamba saa HAIPIMI kalori. Kupima kweli unavalishwa barakoa, wanapima oksijeni unayovuta na hewa chafu unayotoa. Saa inachofanya ni kuchukua mapigo ya moyo, umri, uzito, urefu, jinsia, inatia kwenye fomula yake inakutolea namba. Ukiwa ulidanganya uzito siku unaisajili (mi nilijipunguzia kilo 6, sijui nilikuwa namficha nani) basi na jibu linakuja la uongo.

Na moyo wenyewe haupandi kwa sababu ya kazi tu. Chumba kikiwa na joto unapanda, ukikosa usingizi unapanda, kahawa, hasira, kiu, vyote. Fanya jaribio hili siku moja, weka wati zilezile mwanzo mpaka mwisho, angalia mapigo dakika ya 10 halafu angalia dakika ya 40. Mara nyingi utakuta yameongezeka na miguu haijafanya kazi zaidi hata kidogo, ni mwili umepata joto na maji yamepungua, moyo inabidi upige mara nyingi zaidi kusukuma damu ileile. Saa haijui, yenyewe inaona mapigo yamepanda inakuandikia kalori za ziada. Ndani hakuna upepo wa kukupooza kama barabarani, kwa hiyo hii kitu inatokea sana. Weka feni uone.

Turudi kwenye ugomvi wako sasa, 520 na 298. Bahati yako baiskeli inaonyesha wati, na wati ni hesabu ya shule tu. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde. Dakika 45 ni sekunde 2,700, zidisha na 130 unapata jouli 351,000, yaani kilojouli 351. Hiyo ndo kazi iliyofika kwenye pedali. Kalori moja ya chakula ni kilojouli 4.184, kwa hiyo ukigawanya unapata kama kalori 84. Usizimie! Mwili hautumii nishati yote kusukuma pedali, ni kama asilimia 20 mpaka 25 tu ndo inafika huko, iliyobaki inatoka kama joto, ndo maana soksi zimelowa. Sasa 84 ukiigawa kwa asilimia 25 unapata karibu 335, kwa asilimia 20 unapata karibu 420. Basi ukweli wako uko humo katikati, na ndo ile njia ya mkato ya waendesha baiskeli, kilojouli za pedali wanazihesabu kama kalori za mwili moja kwa moja, 351 kwa 351, kwa sababu ile 4.184 na ule upotevu wa joto zinakaribia kufutana.

Umeona sasa? Baiskeli imekuzidishia. Mara nyingi haikujui, hukuingiza uzito, hukuingiza umri, inahesabia mtu fulani wa kufikirika. Na saa imekupunja, ila hapo nina wasiwasi na kitu kimoja, saa nyingi zina namba mbili, kalori za mazoezi peke yake na kalori za jumla ambazo zinaongeza zile ambazo mwili ungetumia hata ukiwa umelala. Makadirio ya kulala-lala ni kama kalori 1 kwa kila kilo kwa saa, we kilo 74 kwa robo tatu ya saa ni kama 55. 298 jumlisha 55 ni 353. Inaingia mulemule! Nenda kaangalie kwenye simu kama namba ya jumla ipo. Lakini usishangilie saana, leo imepatia, keshokutwa na joto lake inaweza kwenda kombo.

Mi ningekuwa we ningeweka imani hivi, wati kwanza, mapigo ya moyo ya pili, kalori za saa baadaye kabisa, kalori za baiskeli nazipita kama sijaziona. Ila wati nazo ujue zimetokea wapi. Baiskeli zingine zina kipimo cha nguvu cha kweli kwenye mkono wa pedali, makosa yake asilimia 1 au 2, zingine zinakisia tu kutokana na ugumu uliochagua na kasi ya miguu. Ukihamia baiskeli ya jirani kwenye jim, ugumu namba ileile, kasi ileile, ukahisi ni nzito kuliko yako halafu wati zinasoma sawasawa, hapo ujue mnakisiwa wote.

Na kitu kidogo cha mwisho nisije nikasahau, kabla hujaanza chagua modi ya baiskeli ya ndani kwenye saa. Watu wengi wanapanda tu wanaanza kukanyaga. Saa isipoambiwa kuna mazoezi huwa inasoma moyo kwa vipindi ili kutunza chaji, ukiiambia inasoma mfululizo na inaacha kusubiri hatua ambazo haziji.

SWALI: Dada habari, mimi nafanya zile raundi za kukimbiza, sekunde 30 nakanyaga kama nafukuzwa, dakika moja na nusu napumzika, mara nane. Cha ajabu wakati nakaribia kutoa roho saa inasema 118, halafu nikiwa napumzika ndo inaniambia 165. Mwenzangu anavaa mkanda wa kifuani yeye namba zake zinafuatana vizuri. Na kuna mtu kaniambia sisi wenye ngozi nyeusi hizo taa hazipenyi ndo maana. Ni kweli?
– Raundi ya Nane

JIBU: Salama mdogo wangu. Hapo kuna ucheleweshaji mara mbili na watu wanaulaumu wote kwa saa. Wa kwanza ni wa moyo wako mwenyewe, ukianza kukimbiza miguu inapata kazi palepale lakini moyo unachukua muda kupanda, na ukiacha haushuki hapohapo. Hata mkanda wa kifuani utakuonyesha hilo. Wa pili ndo wa saa, inachanganya usomaji wa sekunde kadhaa inatoa wastani ili namba isirukeruke, sasa raundi yenyewe sekunde 30, mpaka ijipange we umeshamaliza.

Halafu kuna mikono. Ukikimbiza unanyanyuka kwenye siti, unakaba usukani, kifundo cha mkono kinakunjika, misuli na mishipa migumu inakaza chini ya saa na damu inabanwa. Ule utulivu niliokuwa nausifia hapo juu umekwisha. Vaa saa juu ya ule mfupa wa kifundo, upana wa vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, kaza kamba kwa muda wa mazoezi tu, isihame ukiisukuma lakini vidole visife ganzi. Mi mwaka mzima nilivaa saa imelegea kama bangili ya harusi, nikawa najiona nina moyo wa mwanariadha, kumbe saa ilikuwa inasoma ukuta.

Mkanda wa kifuani haupigi taa. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, jambo moja na kipimo cha moyo cha hospitali isipokuwa umerahisishwa, kwa hiyo kila pigo linaonekana likitokea. Si kitu kipya hata, kampuni ya Polar ya Finland ilitoa cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982. Lowesha zile sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuvaa, ukiuvaa mkavu dakika za mwanzo unatoa namba za ajabu, watu wanaurudisha dukani bure. Kama kifua kinakubana kuna vya kuvaa juu ya mkono, kwenye nyama ya msuli, vinatumia taa kama saa ila pale pana nyama na hakukunjiki, ni afadhali sana kuliko kwenye kifundo.

Swali la ngozi ni la haki na wala usikubali mtu akucheke ukiuliza. Melanini inameza mwanga wa kijani, hiyo ni kweli. Ule utafiti wa Stanford niliousema uliona makosa yanaongezeka kwa ngozi nyeusi zaidi. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, hukohuko Marekani, waliwapima watu 53 wa rangi zote za ngozi wakilinganisha na kipimo cha umeme wa moyo, hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi na rangi, walichokiona ni kwamba mtu akiwa kwenye shughuli makosa yanakuwa makubwa kwa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Kwa kesi yako wewe hata sina haja ya kubishana, namba inakuja sahihi ila imechelewa, taa ingekuwa haipenyi ungepata namba za hovyo muda wote hata ukiwa umekaa. Tatuu sasa, hiyo ni kesi nyingine, wino unaziba kwelikweli, kama unayo pale hamishia mkono wa pili.

Kwa raundi fupi hivyo mi nisingeongozwa na moyo kabisa. Fuata wati, au fuata pumzi. Moyo uuangalie mwishoni, umefika wapi na umeshuka kiasi gani ndani ya dakika moja.

SWALI: Anti, ofisini tuna mashindano ya hatua. Nikifunga saa kwenye kifundo cha mguu nikiwa kwenye baiskeli nazipata maelfu. Ni dhambi?
– Mguu wa Kushoto

JIBU: Hahaha. Zitahesabiwa kweli, mguu unazunguka kwa mdundo na saa itaona hatua, ila utaiharibia mengine. Itadhani umetembea na itapiga hesabu za kalori na umbali za mtu aliyetembea, na mapigo ya moyo kwenye mguu unaozunguka muda wote yatakuwa bahati nasibu maana saa imetengenezwa kwa ajili ya mkono. Kama ni mashindano tu sitakusemea. Waambie wenzako mhesabu dakika badala ya hatua, mtu wa baiskeli na mtu wa kuogelea nao wapate haki yao, na we uache kuhangaika na kamba isiyotosha mguu.

SWALI: Baiskeli inasema nimeenda kilomita 22, saa inasema 0.00. Nani mkweli?

JIBU: Saa! Hujaenda popote ndugu yangu. Zile 22 baiskeli imezitunga kutokana na kasi ya gurudumu lake, nyingine hata haijali umeweka mzigo mwepesi au mzito, ukikanyaga hewa tu kwa kasi unamaliza nchi nzima.

SWALI: Mwanangu, mimi nina miaka 63, natumia dawa za presha tangu zamani. Kijana wangu kaninunulia saa, daktari kakubali niendeshe baiskeli nusu saa kila siku. Natoka jasho na kuhema vizuri lakini mapigo hayafiki hata 115, na saa kila mara inanipigia kelele kwamba niko chini ya kiwango, niongeze bidii. Niongeze?
– Bibi wa Watano

JIBU: Shikamoo mama. Usiongeze kwa sababu ya saa.

Saa imechukua 220 ikatoa miaka yako 63, ikapata 157, halafu ikagawanya hiyo 157 kwenye zoni zake, yaani ngazi za mapigo kuanzia nyepesi mpaka nzito, inakudai uzifikie. Kuna fomula nyingine inayotumika, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, hiyo kwako inatoa 164. Umeona, hata fomula zenyewe hazikubaliani, na hata hiyo iliyo bora watu wazima wa umri mmoja wanapishana mapigo 10 juu au chini bila ugonjwa wowote.

Na kwako kuna kubwa zaidi ya hilo. Dawa za presha ziko za aina nyingi na baadhi yake, zile za kundi la beta bloka, kazi yake mojawapo ni kuzuia moyo usikimbie. Mtu anayezitumia anaweza kufanya kazi ya kutoa jasho kabisa na mapigo yakabaki chini, si uvivu, dawa inafanya kazi yake. Muulize daktari au mfamasia kama yako ni ya kundi hilo, jina lake limeandikwa kwenye boksi, nenda nalo. Na usije ukaruka dawa ili saa ifurahi, nasema hivyo kwa sababu kuna aliyeniandikia kwamba amefanya.

Kipimo chako kiwe mdomo, mama. Ukiwa kwenye baiskeli unaweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba, hapo ndo pa kukaa kwa hiyo nusu saa. Ukishindwa hata maneno matatu punguza mzigo. Kifua kikibana, kizunguzungu, au pumzi ikikata kuliko kawaida, simama na utafute msaada hapohapo hata kama saa inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Hizo kelele zinazimika. Mwambie kijana aingie kwenye setingi, upande wa arifa za mazoezi, azime maonyo ya zoni, au aandike kwa mkono kiwango cha juu cha mapigo ambacho daktari atakupa, sehemu ya kuandika ipo kwenye saa nyingi.